Bei Bila Tarehe: Newala Katika Msimu wa Korosho wa 2018/19

Mtu wa Newala hahesabu mwaka kuanzia Januari. Kwake mwaka unafunguka pale mnada wa kwanza wa korosho unapopita, kwa kawaida Oktoba, na habari ya bei ikasambaa kijiji kwa kijiji kabla jua halijazama. Bei ikishajulikana, fundi anaitwa kupima nyumba ya kuezekwa mabati, mahari iliyokuwa ikizungumzwa chinichini inatajwa waziwazi, na mwenye duka anatoa daftari la madeni na kuliweka juu ya kaunta. Msimu wa 2018/19 bei ilitangazwa na Rais wa nchi mwenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, nayo ilizidi zabuni zote ambazo wakulima walikuwa wamezikataa minadani wiki chache kabla. Hata hivyo mji ulikaa miezi unatafuta fedha.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa bei kati ya serikali na wafanyabiashara. Ukikisimulia hivyo unaacha nje jambo lililowaumiza zaidi watu wa kawaida: hakuna aliyejua fedha ingefika siku gani. Bei ilikuwepo, tarehe haikuwepo, na mji unaoishi kwa zao moja unaendeshwa kwa tarehe.

Mji wa juu, maji ya bondeni

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Mto Ruvuma limetandazwa chini hadi Msumbiji. Huku juu udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama, na mto hakuna. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka Mitema, bondeni, kupanda uwandani. Yasipotosha, kaya inategemea tangi la maji ya mvua au inanunua ndoo kwa wenye baiskeli na pikipiki.

Nimeanza na maji kwa sababu yanaeleza jambo ambalo mgeni halioni haraka. Katika vijiji vingi vya Tanzania, familia isiyo na shilingi ndani inaweza kuimaliza wiki kwa mihogo ya shambani na maji ya mtoni. Newala wakati wa kiangazi mihogo ipo, lakini maji yenyewe yanadai shilingi. Na kiangazi ndicho kipindi ambacho shilingi imekauka.

Sababu ni kalenda ya mkorosho. Mvua zikielekea kwisha shamba linapaliliwa. Kuanzia Mei au Juni mti unachipua na kutoa maua, na hapo ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unaweza kuyakausha maua yote usipopuliza salfa, tena kwa raundi kadhaa. Salfa ni fedha, mashine ya kupulizia ni fedha, petroli ni fedha, na kijana anayeibeba mashine mgongoni anataka chake jioni ileile. Korosho zinaanza kuanguka Septemba, zinaokotwa hadi Desemba, pengine Januari. Kwa hiyo mapato ya mwaka mzima yanaingia ndani ya miezi mitatu au minne, na gharama kubwa kuliko zote inakuja pale fedha ya msimu uliopita imekwisha kabisa.

Mazao madogo ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo hilo: ufuta, karanga, na hasa mbaazi, ambazo huvunwa kati ya Julai na Septemba. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka kikomo cha mbaazi ambazo ingeruhusu ziingie nchini kwake, tani 200,000 kwa mwaka. Mkoani Mtwara na Lindi bei iliyokuwa ikihesabiwa kwa maelfu ikaanguka chini ya shilingi 500 kwa kilo. Wengine waliziacha shambani kwa sababu bei haikulipa hata kibarua cha kuvuna. Wachambuzi wengi wa msimu wa 2018 hawaitaji mbaazi kabisa, nami naona hapo wamekosea. Korosho ya 2018 ilizikuta kaya ambazo tayari zilikuwa zimepoteza daraja lao la kuvukia kiangazi.

Mali kauli

Duka la kijiji kilicho nje ya Newala haliendeshwi kwa fedha ya mwenyewe peke yake. Mwenye duka anachukua sukari, sabuni, mafuta ya kula na vocha mjini kwa mali kauli: anabeba leo, analipa akishauza. Muuzaji wa jumla wa mjini naye amebeba mzigo kutoka Masasi, Mtwara au Kariakoo, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa kuaminiana. Mwisho wa mnyororo yuko mama aliyechukua kilo mbili za unga mwezi wa Agosti akasema, "Andika, nitalipa korosho zikilipwa."

Wote hao wanashikilia ahadi moja, ila kila mmoja anaitamka kwa jina lake. Mama anasema "korosho zikilipwa", mwenye duka anasema "mwezi wa kumi na moja", muuzaji wa jumla anasema "kabla sijaenda Dar". Ahadi hiyo inasimama maadamu watu wana hakika ya wakati, hata kama hawana hakika ya kiasi. Bei ikishuka, mama atalipa nusu na kuomba nusu ihamie mwakani, na mwenye duka atakubali huku ananung'unika. Wakati ukipotea, hakuna hata cha kuombea nusu.

Mashine za kusaga, mama lishe wa stendi, fundi cherehani anayeshona sare za shule za Januari, bodaboda, mafundi seremala, wote wanafuata kalenda hiyohiyo. Hata jando na unyago, ambazo familia huzipanga kwa likizo ya Juni au Desemba, zinakadiriwa kwa kilo za korosho: ngoma, chakula, vitenge, uraka, yaani pombe ya mabibo, wa kuwanywesha wageni. Sherehe ikiahirishwa, anayeikosa si familia peke yake. Mpigaji ngoma, muuza kuku na mshonaji nao wamekosa siku yao.

Kabla ya 2018 mfumo ulikuwa umeanza kuaminiwa

Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho za Mtwara ndizo zilizoanza kuuzwa kwa mfumo huo, msimu wa 2007/08. Kabla yake wanunuzi walizunguka vijijini na mizani zao, na bei ilikuwa ile aliyokuja nayo mwenye gari. Kwa mfumo mpya mkulima anapeleka gunia lake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, linapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unapelekwa ghala kuu na kupangwa madaraja. Chama kikuu, kwa Tandahimba na Newala ni TANECU, kinaitisha mnada. Miaka hiyo wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, wakatumbukiza sandukuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Wakulima wakiridhia, mnunuzi analipa benki, fedha inashuka hadi AMCOS na kwenye akaunti ya mkulima baada ya makato ya usafirishaji, ghala, ushuru wa halmashauri na vyama.

Imani haikuja bure. Miaka ya mwanzo malipo yalikuja kwa mafungu, na fungu la pili lilizoea kuchelewa au kupungua. Aprili 2013 Liwale, mkoani Lindi, nyumba zilichomwa moto wakulima walipoambiwa malipo ya pili yangekuwa madogo kuliko walivyoahidiwa. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini watu wa Kusini wanauliza mara tatu kabla ya kuacha gunia ghalani aanzie Liwale. Lakini msimu wa 2016/17 na wa 2017/18 mambo yalinyooka. Bei zilivuka shilingi 4,000 katika baadhi ya minada ya 2017, uzalishaji wa nchi ukapita tani 310,000, ambao haukuwahi kufikiwa kabla, na fedha ikafika akaunti baada ya mnada bila kupigiwa kelele. Pikipiki mpya zilijaa barabarani, barabara ambayo kutoka Mtwara kupitia Tandahimba ilikuwa bado ya vumbi kwa sehemu kubwa.

Miaka hiyo miwili ndiyo iliyowapa wafanyabiashara wa mjini ujasiri wa kukopesha zaidi. Mwenye duka aliyewahi kukopesha kaya kumi sasa alithubutu kaya ishirini. Hakuwa mjinga. Alisoma kalenda iliyokuwa imetimia mara mbili.

Kangomba anauza nini

Pembeni ya mfumo huo wa stakabadhi kulikuwa na mfumo mwingine, nao ndio ninaotaka tukae nao zaidi, kwa sababu serikali ilipoingia vitani msimu wa 2018/19, adui wa kwanza aliyetajwa hadharani baada ya wanunuzi wakubwa alikuwa kangomba.

Kangomba ni ununuzi wa korosho vijijini nje ya mizani ya chama, kwa bakuli au kopo linaloitwa la kilo ambalo likijazwa mpaka kilele linazidi kilo, na anayenunua hivyo naye huitwa kangomba. Mara nyingi korosho zinauzwa zikiwa bado ni maua. Mnunuzi anatoa fedha Juni au Julai, mkulima anaahidi korosho za Oktoba. Kagera wanao mchezo wa namna hiyo kwenye kahawa, wanauita butura. Ni biashara haramu, na hesabu yake inaumiza.

Tuseme mama mmoja ana mikorosho inayompa kilo 500 msimu wa kawaida. Mwezi wa Juni anahitaji shilingi 150,000 za salfa, za kibarua na za mtoto aliyeugua. Kangomba anampa kwa shilingi 1,000 bakuli, kwa hiyo anadaiwa bakuli 150. Kila bakuli likizidi kilo kwa sehemu ya tano, amekwishatoa kilo 180. Kwa bei ya shilingi 3,300 kilo hizo zina thamani ya shilingi 594,000. Amelipa karibu mara nne ya alichokopa, ndani ya miezi mitano. Hakuna benki yenye leseni inayoweza kutoza hivyo.

Kwa nini basi anakubali? Benki haimkopeshi kwa dhamana ya maua. Stakabadhi ya ghala kisheria inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo, na hilo ni jambo zuri sana, lakini stakabadhi inapatikana Oktoba, gunia likishafika chamani. Njaa ya fedha ni ya Juni. VICOBA vinasaidia, ila wanachama wote wa kikundi ni wakulima wa korosho, wote wanataka kukopa Juni na wote wanaweza kurejesha Novemba, kwa hiyo sanduku linakuwa tupu pale linapohitajika. Anayebaki mwenye fedha taslimu mwezi wa Juni ni mtu mmoja au wawili kijijini: mwalimu, mwenye mashine, mwenye duka lililofanya vizuri, au kijana aliyetumwa na mwenye mtaji wa mjini.

Ndiyo maana nasema kangomba anauza tarehe. Anamwambia mama, "Fedha yako hii hapa, leo." Kwa kuileta fedha ya Oktoba hadi Juni anajilipa ujira wa kikatili, lakini kazi anayoifanya ni kazi ambayo hakuna mwingine aliyejitokeza kuifanya. Anayekopa kwake anajua vizuri sana kwamba anaibiwa. Simtetei. Ninachokataa ni kumwita kangomba chanzo cha umaskini wa mkulima kana kwamba akikamatwa, mwezi wa Juni utajaa fedha.

Tena kangomba hakuwa mtu wa mbali. Kijiji kimoja kilikuwa na wadogo wengi wanaonunua kilo mia, mia mbili. Mwenye duka aliyekubali kulipwa deni la unga kwa korosho badala ya fedha, naye kwa sheria amefanya kangomba, ingawa alichokuwa akitafuta ni unga wake urudi.

Oktoba na Novemba

Msimu ulianza vibaya kabla ya korosho ya kwanza kuanguka. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria ya tozo ya korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Asilimia 65 ya tozo hiyo ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, ikiwemo pembejeo. Sasa yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu, wakashindwa. Wakati huohuo bei ya korosho ghafi ilikuwa inashuka duniani, kwa kuwa wabanguaji wa Vietnam na India walikuwa wamenunua kwa bei ya juu mno mwaka uliotangulia na kuumia.

Minada ya Oktoba ilipofunguliwa, zabuni za juu zilizunguka shilingi 2,700, nyingine zilikuwa chini zaidi. Wakulima waliokumbuka 4,000 walikataa. Walikuwa na haki ya kukataa, mfumo unawapa. Mwishoni mwa Oktoba Rais John Magufuli alikutana na wanunuzi Dar es Salaam, wakakubaliana bei isishuke chini ya 3,000. Wanunuzi hawakuonekana ghalani. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawapa hadi Novemba 12, saa kumi jioni, waseme wanahitaji tani ngapi. Novemba 10 Rais akawaondoa Waziri wa Kilimo, Charles Tizeba, na Waziri wa Viwanda na Biashara, Charles Mwijage, na kuivunja Bodi ya Korosho. Novemba 12 akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi la Wananchi litazisomba.

Kwa siku chache furaha ilikuwa ya kweli, nami siwezi kuibeza. Mkulima ambaye maisha yake yote amepangiwa bei na mgeni alisikia mkuu wa nchi akisema bei hii haishuki. Malori ya jeshi yalifika. Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ikapewa kazi ya ununuzi.

Shida ilijitokeza kwenye kile ambacho mnada wa kawaida unakifanya bila kuonekana. Katika mnada, mnunuzi anapoweka bei anakuwa na mkopo wa benki tayari na meli inayomsubiri bandarini Mtwara. Kila siku ya kuchelewa inamgharimu yeye mwenyewe, ndiyo maana analipa. Serikali ilikuwa na bei, haikuwa na meli wala mteja. Januari 2019 ulisainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 kwa takriban shilingi bilioni 418. Fedha haikuja, na Mei mkataba ukavunjwa. Korosho zilikaa maghalani. Malipo yalitoka kwa awamu, wengine wakapata Desemba, wengine wakaendelea kudai kwa sehemu kubwa ya mwaka 2019.

Kilo 1,500

Ili fedha isiingie mikononi mwa kangomba, Operesheni Korosho, yaani kazi hiyo ya serikali ya kununua na kusomba korosho, iliweka utaratibu wa uhakiki. Wenye kilo chini ya 1,500 walilipwa kwanza. Wenye kuanzia hapo kwenda juu walitakiwa kuonyesha mashamba, na timu zikaenda kuyatazama. Nia inaeleweka: mtu mwenye mikorosho kumi akileta tani tatu, hizo si zake.

Lakini mstari wa kilo 1,500 haukufuata namna watu wa huku wanavyomiliki mikorosho. Mashamba ya urithi yametawanyika, kipande Kitangari, kipande ng'ambo ya pili. Kaka mkubwa anauza kwa jina lake korosho za mama mjane na za wadogo zake, kwa sababu yeye ndiye mwenye akaunti ya benki. Wapo wanaokodi shamba la mtu kwa msimu mmoja au miwili, wanapalilia, wanapuliza, wanaokota. Hilo si kangomba, ni kilimo, ila shamba si lao na mkataba ulikuwa wa mdomo mbele ya shahidi. Upande mwingine, kangomba mzoefu aliyagawa magunia yake kwa majina ya ndugu na wadeni wake, kila jina kilo mia nne au mia tano, chini kabisa ya mstari. Kipimo kilichowekwa kumnasa mjanja kilikuwa na tundu alilolijua mjanja, na kilimkamata mkulima mkubwa mwenye haki, yule anayewalipa vibarua wengi kuliko wote kijijini.

Hapo ndipo naona kosa lenyewe lilipo. Mkulima mwenye tani nne ndiye mwajiri wa kijiji. Fedha yake ikizuiwa Desemba, mvua zikiwa zimeanza na mashamba ya mahindi na mihogo yanataka kupandwa, wanaokosa ni wale waliomwokotea korosho kwa ahadi. Wao kilo zao chache zililipwa mapema, ni kweli, lakini ujira wao wa msimu ulikuwa umekaa ndani ya stakabadhi ya mtu mwingine.

Makosa madogo yalizidisha uchungu: namba ya akaunti iliyokosewa tarakimu moja, jina la kitambulisho lisilolingana na la benki, akaunti iliyolala miaka miwili. Kila kosa lilimrudisha mtu kwenye foleni ya AMCOS, ambako karani hakuwa na jibu kwa sababu naye hakuwa ameambiwa.

Dukani Januari

Rudi sasa kwenye daftari la mwenye duka. Januari 2019 shule zilifunguliwa. Ada ya shule za serikali ilikuwa imeshafutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari, na godoro na sanduku la anayekwenda kidato cha kwanza bweni havikufutwa. Kwa kawaida huo ndio mwezi wa mauzo. Mwenye duka alikuwa na majina kwenye daftari, alikuwa na wateja mlangoni wanaoomba kuongezewa, na muuzaji wa jumla alikuwa akimpigia simu.

Alikuwa na njia tatu, zote mbaya. Akiendelea kukopesha, mtaji unakwisha. Akikataa, anamkosea jirani ambaye stakabadhi yake ya kilo 800 inaonekana wazi kwamba ina thamani ya zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Akiikubali stakabadhi hiyo kama malipo, anageuka kangomba machoni pa timu ya uhakiki. Njia hiyo ya tatu ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Sheria ya 2005 iliiumba stakabadhi ili iweze kusimama mahali pa fedha wakati mzigo ukingali ghalani, na msimu ambao mji uliihitaji sana kazi hiyo, karatasi ikawa kitu cha kuficha. Kwa bei isiyobadilika ya 3,300, kilichohitajika ni tarehe tu iliyoandikwa juu yake. Karatasi inayosema "italipwa Februari 15" mwenye duka angeipokea, muuzaji wa jumla angeipokea, hata benki ingeikopesha. Karatasi inayosema "italipwa" haipokelewi na mtu.

Wapo wanaosema wafanyabiashara wa mjini ndio waliozoea kuwanyonya wakulima, waache wapate somo. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi na siikubali. Mama lishe wa stendi hakumnyonya mtu. Mwenye duka aliyekopesha unga Agosti alifanya bila riba kazi ambayo kangomba aliifanya kwa riba ya kutisha, na kila siku ambayo malipo yalichelewa ilimwondolea uwezo wa kukopesha Agosti iliyofuata. Aliyeachiwa uwanja ni nani? Ni yuleyule mwenye fedha taslimu. Kaya iliyoingia Juni 2019 ikiwa haijalipwa au imelipwa ikamaliza kwa madeni, ililazimika kuuza maua tena.

Yaliyobadilika, na yanayongoja

Msimu wa 2019/20 serikali iliwarudisha wanunuzi binafsi na mnada ukarudi, kwa bei iliyo chini ya 3,300. Wakulima wengi waliipokea bila ubishi wa mwaka uliopita, kwa sababu fedha ilikuja. Baadaye pembejeo zikaanza kutolewa kwa ruzuku kupitia Bodi ya Korosho kwa wakulima walioandikishwa, na tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ruzuku ya salfa imegusa hasa ule mwezi wa Juni, na kwa maoni yangu imemdhoofisha kangomba kuliko operesheni yoyote, kwa kuwa imeondoa sababu moja kubwa ya kumwendea. Daftari la wakulima nalo, likitunzwa vizuri, linaweza kujibu swali la nani ana mikorosho mingapi bila kumzuia mtu fedha yake wakati timu inatafuta gari.

Lakini daftari hilo halitafaa kama halina safu ya shamba lililokodishwa. Serikali ya kijiji inaweza kuandikisha makubaliano hayo Februari au Machi, majina mawili na shahidi, bila gharama kubwa, na aliyekodi aingie msimu akiwa na kilo zinazoeleweka.

Mkopo wa Juni bado hauna mwenyewe. AMCOS ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuutoa, kwa sababu tayari ina mamlaka ya kukata kwenye malipo ya mnada. Deni la salfa, la vibarua, hata la ugonjwa, linaweza kurejeshwa pale pale fedha inapopita, kwa riba ambayo wanachama wameipigia kura. Ugumu wake unajulikana. Wapo viongozi wa vyama waliowahi kula makato, na waliokumbuka Liwale hawatakubali kato jipya kwa maneno matamu. Kwa hiyo mjadala wake ufanyike kwenye mkutano mkuu wa wanachama mwanzoni mwa mwaka, wakati fedha ya msimu bado iko mikononi mwa watu na hakuna anayesukumwa na shida, na hesabu za makato ya msimu uliopita zisomwe kwanza, shilingi kwa shilingi, kabla ya neno mkopo kutajwa. Na siku ya mnada, karani anapoandika bei kwenye ubao wa matangazo wa chama, pembeni yake aandike na siku ya mwisho ya malipo, na jina la anayepaswa kuulizwa siku hiyo ikipita.